Karatasi ya daftari haimvui mtu ubaba

Karatasi yenyewe ilichanwa kwenye daftari la mistari la skuli, ubavu mmoja bado una matundu ya pini. Imeandikwa kwa kalamu ya buluu, mwandiko wa mtu aliyeandika kwa haraka huku amesimama: “Mimi niliyetaja jina langu hapo juu najitoa kwa mtoto huyu. Sina haki naye wala dai lolote, na mama yake asinidai matunzo kuanzia leo.” Chini yake pana saini, alama ya dole gumba la shahidi, na tarehe. Dada aliyeniletea, jirani yetu wa zamani pale Wete, Pemba, aliifungua juu ya mkeka, akainyoosha kwa kiganja, kisha akaniuliza: “Maalim, hii si inatosha?”

Nikamuuliza inatosha kwa lipi. Akanieleza. Binti yake ana miaka minne. Baba wa mtoto alimpa talaka mtoto hajaanza hata kutambaa, na tangu hapo hajaleta kilo ya unga. Sasa amepatikana bwana mwengine, seremala, yuko Oman kikazi. Posa imeshapokewa, nikaha bado, mahari inatafutwa. Bwana huyu ndiye anayelipa ada ya chekechea, ndiye aliyenunua viatu vya sikukuu, na mtoto akisikia simu inalia hukimbilia kusema “baba huyo”. Wawili hao wamekubaliana kwamba, kwa kuwa baba wa damu amejitoa kwa maandishi, mchumba aandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa kabla hata ya ndoa, ili akirudi awachukue wote wawili bila ya vikwazo vya pasi.

Sikumwona kuwa mtu mjanja anayetafuta njia ya mkato. Niliona mama aliyechoka, na mwanamume wa mbali mwenye huruma kuliko yule wa karibu. Ndiyo sababu jambo hili linaniuma. Wanaokosea hapa mara nyingi ndio watu wema.

Ile karatasi haina nguvu yoyote, na tuanzie hapo. Kutiwa saini mbele ya shahidi hakuipi nguvu, na hata ingepigwa muhuri wa sheha, mkuu wa shehia yetu, isingebadilika. Matunzo si deni baina ya mume na mke waliotengana ambalo mmoja anaweza kumsamehe mwenzake. Ni haki ya mtoto. Mama hana mamlaka ya kuisamehe, kama vile asivyo na mamlaka ya kuuza shamba alilorithi mwanawe kisha fedha akazila. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, imeweka njia ya kumfikisha mzazi mahkamani ili aamriwe kutoa matunzo, na Mahkama ya Kadhi nayo husikiliza kesi za namna hiyo kwa Waislamu. Baba aliyeandika “asinidai” ameandika matamanio yake. Kesho mama akienda mahkamani, karatasi ile haitamkinga kwa lolote, isipokuwa itamsaidia hakimu kujua kwamba baba yupo, anajua kusoma na kuandika, na anamtambua mtoto kuwa ni wake.

Ubaya ni kwamba karatasi za namna hii zinaenea, na ninavyoona mimi sehemu ya chanzo ni habari zinazotufikia kutoka kwa ndugu zetu walioko nje. Mtu ana shangazi London, ana kaka Marekani, anasikia kwamba huko mpenzi asiyefunga ndoa anaweza kumuasili mtoto wa mwenzake. Ni kweli kwa Uingereza. Sheria yao ya kuasili ya 2002, ambayo sehemu hiyo ilianza kutumika tarehe 30 Disemba 2005 kwa England na Wales, iliwaruhusu watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa kuasili mtoto kwa pamoja, na ikamruhusu mwenza wa mzazi kuomba kumuasili mtoto baada ya kuishi naye miezi sita. Marekani kila jimbo lina kanuni zake, na yapo majimbo yanayotaka wenza wafunge ndoa kwanza. Lakini msimulizi wa simu hafiki kwenye sehemu muhimu zaidi: hata huko Uingereza baba hajitoi kwa karatasi ya daftari. Kinachokata uhusiano wa kisheria ni amri ya mahkama, baada ya maofisa wa ustawi kufika nyumbani, kuuliza, kuandika ripoti. Na kabla ya amri hiyo kutoka, baba wa damu anaendelea kudaiwa matunzo, apende asipende. Yaani hakuna pahala, wala kwao wala kwetu, ambapo mzazi anaamka asubuhi akajifuta.

Upande wa Tanzania Bara nako kuna jambo linalotuchanganya. Sheria ya Ndoa ya 1971 ina kifungu kinachosema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili na watu wakawajua kuwa mume na mke, huchukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vyenginevyo. Sheria hiyo haivuki bahari. Haitumiki Unguja wala Pemba. Kwetu mchumba ni mchumba, hata akilipa ada ya skuli mpaka darasa la kumi na mbili. Mbele ya sheria na mbele ya dini, bado si kitu kwa mtoto yule.

Hapa najua msomaji mwengine atasema: basi ndio dini yenyewe, imefunga mlango, hapana kuasili. Si hivyo, na ningependa tukae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini.

Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, mpaka watu wakawa wanamwita Zayd bin Muhammad. Kisha zikateremka aya za mwanzo za Suratul Ahzab: waiteni kwa baba zao, huo ndio uadilifu mbele ya Mwenyezi Mungu. Zayd akarudi kuitwa bin Haritha. Alichopoteza ni nini? Hakufukuzwa nyumbani, hakupunguziwa mapenzi, na Mtume akaja kumpa uamiri wa jeshi. Kilichobadilika ni jina peke yake, ukweli ukarudi mahala pake. Wazee wetu waliifahamu kanuni hii kwa lugha yao wenyewe waliposema kitanda hakizai haramu: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, na maneno ya barazani hayamtoi. Lakini wazee haohao ndio waliosema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hawakuona kwamba semi hizo mbili zinapingana. Nasaba ni kitu kimoja, malezi ni kitu chengine, na kila kimoja kina heshima yake.

Sisi wa leo ndio tunaotaka kuvichanganya, tukidhani malezi hayajakamilika mpaka yaibe jina.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Katika nyumba ya ukoo wetu, Ng'ambo, alilelewa binti ambaye baba yake, mvuvi wa Tumbatu, alizama baharini binti akiwa mchanga. Aliyemchukua alikuwa mtu mwenye moyo mpana kuliko ninavyoweza kueleza. Alipompeleka skuli, ili kupunguza maswali, akaandikisha jina lake mwenyewe kuwa jina la baba. Cheti nacho kikafuata jina la skuli. Miaka ikapita, binti akakua bila ya kuambiwa kitu. Ikaja siku ya nikaha. Mimi nilikuwa kijana, nimewekwa kuwa mmoja wa mashahidi. Watu wamejaa uwani, mabakuli ya halua yamepangwa, imamu amekaa, akauliza kama wanavyouliza maimamu wote: “Walii ni nani?” Yaani mwanamume wa ukoo wa baba mwenye haki ya kumuozesha bibi harusi. Baba mlezi akainua mkono. Ndipo bibi mmoja, ambaye muda wote alikuwa jikoni na akina mama, akaja mpaka mlangoni, akasimama akiwa bado ameshika upawa, akasema kwa sauti ndogo ambayo kila mtu aliisikia: “Walii wake yuko Tumbatu.”

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ndoa isiyo na walii wa haki haisihi. Angeozeshwa na baba mlezi, wangeishi miaka kwenye ndoa iliyobatilika bila wao kujua. Ikabidi watu watawanywe. Bibi harusi akajifungia chumbani, na kilio chake hakikuwa cha nikaha kuahirishwa. Alikuwa anauliza jina lake ni lipi. Siku ya pili ami yake alivuka kwa boti mpaka Mkokotoni, kutoka hapo akapanda daladala, akaingia uwani na mkoba wa ukindu, ndani yake kanzu aliyoikunja vizuri. Mzee huyu alikuwa ameambiwa miaka ishirini kwamba mtoto wa kaka yake “amechukuliwa na watu wa mjini, wacha”. Alimuozesha mtoto wa kaka yake siku hiyohiyo aliyomuona kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa mchanga. Baba mlezi alikaa pembeni yake, hakunyanyua uso.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika kisa hiki. Jina lilibadilishwa kwa mapenzi. Na mapenzi hayo ndiyo yaliyomnyima mtoto ami yake kwa miaka ishirini.

Halafu iko mirathi. Yule dada wa Wete nilimuuliza: baba wa mtoto ana nini? Akacheka kidogo, akasema hana kitu, ana mikarafuu michache aliyoachiwa na mama yake, huko Mtambwe. Michache! Mtu yeyote wa Pemba anajua msimu mmoja mzuri wa mikarafuu michache unaweza kufanya nini katika maisha ya mtoto. Baba huyo akifa leo hana mtoto mwengine, binti huyu peke yake ana nusu ya alichoacha, kwa hukumu ya Qurani, hata kama marehemu hakumletea kilo ya unga. Akiwa na kaka, atapata nusu ya fungu la kaka yake. Haki hii haikatwi na talaka wala na chuki, wala haikatwi na karatasi ya daftari. Inayoweza kuizika ni cheti cha kuzaliwa kinachosema baba yake ni mtu mwengine. Siku ya kugawa, ami zake watakitoa cheti hicho kwa furaha, na mama aliyekitafuta kwa tabu ndiye atakayehitaji kuthibitisha kwamba alidanganya. Kutoa taarifa za uongo kwenye usajili, juu ya yote, ni kosa.

Na kwa upande wa pili, jina la seremala halimpi mtoto hata senti ya mirathi ya seremala. Mbele ya kadhi, mtoto wa kulea si mrithi, hata cheti kiseme nini. Kwa hivyo anapoteza kule alikokuwa na haki, wala hapati kule anakotarajia.

Kuna kundi ambalo hali yao ni nzito zaidi, nami sitaki kulipita haraka. Ni mama aliyezaa nje ya ndoa. Huyu hana hata karatasi ya mtu kujitoa, kwani aliyempa mimba alijitoa kwa kukimbia. Kifiqhi mtoto huyu hunasibishwa na mama yake, humrithi mama na watu wa mama. Binti wa namna hii siku ya nikaha walii wake ni kadhi, kwa hadithi kwamba mtawala ni walii wa asiye na walii. Mama wa mtoto huyu ndiye anayesumbuliwa zaidi na suali la jina: skuli, hospitali, madrasa, kila pahala pana mstari wa “jina la baba”. Akitokea mwanamume akasema “muandike wangu”, unadhani atakataa?

Tukumbuke pia tulikotoka. Kwa sheria yetu ya 1985, mwanamke asiyeolewa akipata mimba aliweza kufungwa jela. Ilichukua mpaka 2005 kifungo hicho kuondolewa na adhabu kuwa ya kutumikia jamii. Kwa miaka ishirini, mwanamke aliyesema ukweli mbele ya karani alikuwa anajishitaki. Mimi siamini kwamba hofu ya namna hiyo huisha siku sheria inapobadilishwa. Hurithishwa, mama humwambia binti: tafuta jina lolote, uandike. Tukiwalaumu akina mama kwa vyeti vya uongo, tulitaje na hilo.

Hata hivyo baba aliyekimbia hakusalimika. Kukosa nasaba kifiqhi hakumaanishi kukosa wajibu. Sheria ya Mtoto inaruhusu mahkama kuombwa ithibitishe nani mzazi, na kutokana na hapo kuamuru matunzo. Wanawake wengi hawaitumii njia hii kwa sababu ya aibu ya kusimama mbele ya watu, na mimi siwezi kumwambia mtu aibu yake ni ndogo. Ninachoweza kusema ni kwamba aibu hiyo inabebwa na mtu mmoja wakati kosa lilikuwa la wawili.

Sasa mchumba mwema afanye nini? Kwanza aoe. Silisemi kwa kuhubiri. Nikaha inampa kile anachokitafuta kwenye cheti, na zaidi. Akishamuoa mama na wakaingiliana, binti wa mkewe anakuwa maharimu yake milele, yaani mtu aliyeharamishwa kumuoa, kwa aya ya 23 ya Suratun Nisaa. Hata wakija kuachana, hawezi kumuoa. Kabla ya hapo ni mwanamume ajnabi anayelala nyumba moja na mtoto wa kike, na katika visiwa ambavyo kila wiki tunasikia kesi za udhalilishaji wa watoto, hatuna ruhusa ya kulichukulia hilo kwa wepesi kwa sababu tu mtu ananunua viatu vya sikukuu. Mwema hapungukiwi na kitu akichunguzwa.

Kisha ayaandike malezi. Hapa ndipo ilipo kafala, neno ambalo wengi wetu tunalijua kutoka darsa za misikitini kuhusu mayatima na hatujui kwamba liko pia kwenye sheria. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, unaitaja kafala kwa jina katika kifungu chake cha 20, sambamba na kuasili. Sheria yetu ya 2011 nayo inaitambua, na sheria hiyo ilisifiwa mpaka nje ya nchi: 2015 ilipewa tuzo ya dhahabu na World Future Council, shirika la kimataifa linalotunza sheria bora. Kwa kafala mlezi anachukua jukumu la kumlisha, kumsomesha, kumtibu na kumlinda mtoto, na jina linabaki palepale. Mwenye mali ana milango mingine. Ampe mtoto hiba, yaani zawadi ya mali, angali hai, lakini aikabidhi kweli, maana hiba ya mdomo isiyokabidhiwa haijatimia. Au amuusie, mpaka thuluthi ya mali yake, kwa sababu mtoto wa kulea si mrithi na wasia kwake unasihi.

Tatizo langu ni na wale wanaopaswa kuyasema haya. Nimewauliza watu wazima, wasomi, kafala inaombwa wapi. Wengi wamenijibu kwa kunitazama. Sheha analetewa karatasi ya kujitoa, anaigonga muhuri kwa kumhurumia mama, wakati angeweza kumwambia maneno mawili: nenda ustawi wa jamii. Imamu anahutubia fadhila za kulea yatima, ile hadithi ya mlezi wa yatima kuwa karibu na Mtume peponi kama vidole viwili, na ni haki ahutubie, lakini hasemi ukishamchukua yatima nenda kamuandikishe wapi na kwa jina gani. Wakala wa usajili wa matukio ya kijamii, uliowekwa kwa sheria ya 2018, ungeweza kuwa na mstari kwenye fomu yake unaosema “mlezi”, mbali na “baba”, ili mtu mwema awe na pahala pa kuandika jina lake bila ya kuiba la mwenzake. Mstari mmoja tu. Ungewaondolea akina mama wangapi uongo ambao hawakuupenda?

Kwa suali la pasi ya kusafiria na safari ya Oman, njia ipo mahkamani: mama aombe amri ya kukaa na mtoto, na baba aliyepotea aitwe ajibu. Asipojibu, mahkama inaamua. Ni ndefu kuliko kubadilisha cheti, sikumficha.

Dada yule aliikunja karatasi yake ikarudi kwenye mikunjo ileile ya mwanzo. Hakuichana. Nilimshauri aiweke, asije baba mtu akasema hamjui mtoto. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza suali ambalo nadhani ndilo aliloondoka nalo Wete tangu mwanzo: “Sasa Maalim, na mtoto nimkataze kumwita baba?”

Nikamwambia, mwanangu, usimkataze. Amwite.